Uko Wapi? Simu ya Intaneti Haijui!

Leo nina swali moja tu, na naomba ulijibu kimoyomoyo kabla hujaendelea.

Umesafiri. Uko nchi ya watu, labda kwa shangazi, labda na timu ya shule, labda umepata nafasi ya kwenda kusoma. Usiku wa manane mwenzako anaanguka chini. Anahema kwa shida, midomo inabadilika rangi. Laini yako haina hata senti ya salio, ila Wi-Fi ya nyumba inafanya kazi vizuri sana. Utampigia nani? Na utapiga kwa njia gani?

Swali hili niliwauliza wanafunzi wa klabu ya afya katika shule moja ya sekondari nilikokwenda kufundisha huduma ya kwanza. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono haraka haraka.

"Dada, si napiga WhatsApp tu!"

"Sawa. Unampigia nani?"

Akafikiri kidogo. "Nampigia mama."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikamuuliza tena, "Mama yuko Morogoro, wewe uko London. Ambulensi itatoka Morogoro?" Hapo hata waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Kumbe hakuna aliyekuwa na jibu lingine.

Sikumcheka kijana yule. Siku hizi wengi wetu tunapiga simu kwa intaneti kila siku, tunaongea na ndugu walioko Muscat, Toronto au Minneapolis kama vile wako chumba cha pili. Tumezoea mpaka tumesahau kwamba simu hizi zina udhaifu mmoja, na udhaifu huo unaonekana siku ile ile unapohitaji msaada. Simu ya intaneti haijui ulipo.

KISA CHA CALGARY

Hiki ni kisa cha kweli kutoka Kanada.

Mwaka 2008 familia moja ilikuwa inaishi Calgary, mji ulioko magharibi ya nchi hiyo. Zamani walikuwa wakiishi Mississauga, karibu na Toronto, upande wa mashariki. Nyumbani kwao walitumia simu ya intaneti. Kwa kuitazama ilikuwa simu ya kawaida tu, ila haikupita kwenye waya wa kampuni ya simu za mezani. Ilipita kwenye intaneti. Walipohama, simu hiyo wakaenda nayo.

Mwezi Aprili mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu alizidiwa ghafla. Nyumbani wakapiga 911, namba ya dharura ya Kanada. Simu ikapokelewa na gari likatumwa. Wakasubiri. Dakika zikapita, gari halionekani. Mwishowe wakatumia simu ya mezani ya jirani, na safari hii ambulensi ikafika baada ya dakika chache. Lakini muda mwingi ulikuwa umepotea. Mtoto akafariki dunia.

Lile gari la kwanza lilikwenda wapi? Lilikwenda Mississauga, kwenye nyumba waliyohama! Kampuni ya simu ilikuwa bado na anwani ya zamani kwenye kumbukumbu zake. Kutoka Mississauga hadi Calgary ni zaidi ya kilomita 2,500, yaani zaidi ya mara mbili ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza.

Angalia jambo hili vizuri. Familia ilikuwa inaijua namba ya dharura, na waliipiga. Simu nayo ilipokelewa. Kilichokosekana ni jibu sahihi la swali moja dogo: uko wapi?

KWA NINI SIMU NYINGINE ZINAJUA ULIPO?

Hebu tuzifananishe simu za aina tatu.

Ya kwanza ni simu ya mezani. Waya wake umefungwa ukutani na haiendi popote. Kampuni inajua namba fulani iko nyumba fulani, mtaa fulani. Ukipiga simu ya dharura katika nchi zenye mfumo huo, mpokea simu anaiona anwani yako mbele yake hata kama huwezi kusema neno.

Ya pili ni simu ya mkononi, unapopiga kwa njia ya kawaida kupitia laini. Hii inatembea, lakini haitembei peke yake. Kila wakati inawasiliana na mnara ulio karibu, na mnara hauhami! Kwa hiyo angalau eneo ulipo linajulikana. Simu janja za siku hizi zinaweza kufanya zaidi ya hapo. Katika nchi nyingi za Ulaya, ukipiga 112, simu yenyewe inatuma mahali ulipo kwa mpokea simu bila wewe kufanya lolote. Uingereza ilianza na utaratibu huu mwaka 2014, na tangu Machi 2022 simu janja zote mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima ziwe na uwezo huo.

Ya tatu ndiyo simu ya intaneti. Sauti yako inakatwakatwa vipande vidogo vidogo, inasafiri kama picha au ujumbe unavyosafiri, kisha inaunganishwa upande wa pili. Intaneti haijali uko Calgary, Kampala au Kisiwani Pemba. Ukichomeka kifaa chako popote penye intaneti, namba yako ni ile ile. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo hapo ndipo penye hatari.

Ni kama sanduku la posta. Ukihama Tanga ukaenda Mbeya bila kubadili sanduku, barua zako zitaendelea kwenda Tanga. Karani wa posta hana kosa. Anafuata kilichoandikwa.

SERIKALI ZILIFANYA NINI?

Marekani na Kanada ziliona tatizo hili mapema. Mwaka 2005 nchi zote mbili ziliweka masharti kwa kampuni zinazouza simu za intaneti zenye namba za kawaida.

Marekani ilizitaka kampuni hizo zihakikishe kwamba mteja akipiga 911 simu inafika kituo cha dharura cha eneo lake. Vilevile kampuni ziandikishe anwani ya mteja, na zimpe njia ya kuibadilisha akihama. Zilitakiwa pia kumweleza mteja wazi mipaka ya huduma hiyo.

Kanada nayo ilitaka simu za dharura kutoka kwenye simu za intaneti zinazohamahama zipokelewe kwanza na mtu wa kati. Huyo anamuuliza mpigaji yuko wapi, kisha anamuunganisha na kituo cha eneo hilo. Kama mpigaji hawezi kusema, au simu imekatika, kinachobaki ni anwani iliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Kama ni ya zamani, basi tena!

Umeona? Masharti yaliwekwa 2005, kisa cha Calgary kikatokea 2008. Sheria ni nzuri, lakini haiwezi kuandika anwani yako mpya. Hilo ni jambo linalomhitaji mtu mwenyewe.

NA WHATSAPP JE?

Hapa naomba usikilize sana, maana ndipo wengi wetu tunapojidanganya.

Programu kama WhatsApp zinaunganisha watumiaji wa programu hiyo wao kwa wao. Hazikutengenezwa kwa ajili ya kupiga polisi, zimamoto au ambulensi. WhatsApp wenyewe wameandika hivyo katika masharti yao, yale marefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma. Mpaka uwe na njia nyingine ya kupiga simu ya dharura, bando lako lote halitakusaidia kufika kwenye kituo hicho.

Kuna kitu kingine kinachofanana nayo lakini si hicho. Baadhi ya kampuni za simu zinakuruhusu kupiga simu ya kawaida kwa namba yako kupitia Wi-Fi pale mtandao wa mnara unapokuwa dhaifu. Hiyo inaweza kufika kwenye namba ya dharura. Lakini Wi-Fi haina mnara wa kusema uko wapi, ndiyo maana kampuni za Marekani humtaka mteja aandikishe anwani ya dharura kwanza. Ukiwa mgeni kwa ndugu na umetumia simu yake, anwani hiyo inaweza kuwa ya nyumba ya zamani. Kwa hiyo taja mwenyewe mahali ulipo, kila mara.

SIMU YA HOTELINI

Hata simu ya mezani inaweza kukuangusha ukiwa safarini. Desemba 2013, katika hoteli moja huko Marshall, Texas, nchini Marekani, mama mmoja alishambuliwa chumbani na mumewe waliyekuwa wametengana. Binti yake wa miaka 9 alifanya kile alichofundishwa. Alipiga 911 kwa simu ya chumbani. Alipiga mara nne! Simu haikwenda, kwa sababu katika hoteli ile ilibidi ubonyeze 9 kwanza ndipo upate laini ya nje. Mtoto angejuaje? Mama yake alifariki.

Baba wa marehemu alipigania jambo hilo, na mwaka 2018 Marekani ikapitisha Sheria ya Kari, iliyopewa jina la mama huyo. Tangu Februari 2020, mifumo mipya ya simu za hoteli na ofisi nchini humo lazima imruhusu mtu apige 911 moja kwa moja. Lakini mifumo ya zamani ipo, na nchi nyingine zina taratibu zao. Kwa hiyo ukiingia chumba cha hoteli au bweni ugenini, usianze na kutafuta neno la siri la Wi-Fi. Uliza kwanza, "Simu ya dharura hapa inapigwaje?" Hakuna atakayekucheka.

KABLA HUJAFUNGA BEGI

Haya ni mambo matano ya kufanya. Hayachukui hata nusu saa.

1. Jua namba ya huko uendako. Usitegemee sinema. 911 ni ya Marekani na Kanada. Uingereza ni 999, na 112 pia inafanya kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Kenya na Uganda unaweza kupiga 999 au 112. Rwanda ambulensi ni 912. Umoja wa Falme za Kiarabu polisi ni 999 na ambulensi ni 998. Oman ni 9999.

2. Andika anwani ya mahali utakapolala kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi! Simu ikizima, karatasi haizimi. Andika jina la mtaa, namba ya nyumba, ghorofa, mji, na jina la mwenyeji wako. Ibandike karibu na mlango au iweke mfukoni.

3. Uwe na laini inayoweza kupiga simu ya kawaida. Laini nyingine za watalii zinauza intaneti tu. Uliza kabla ya kununua.

4. Kama nyumba unayofikia ina simu ya intaneti, mwombe mwenyeji wako kwa adabu ahakikishe anwani yake. Sema tu, "Shangazi, hivi hii simu ina anwani ya nyumba hii au ya ile ya zamani?" Huenda hajawahi kuifikiria.

5. Kumbuka umeme. Simu ya intaneti ya nyumbani inategemea kifaa kilichochomekwa ukutani. Umeme ukikatika, au intaneti ikikata, simu nayo imekufa. Simu ya mkononi iwe na chaji.

SIKU YENYEWE IKIFIKA

Piga kwa simu ya mkononi kwa njia ya kawaida kama ipo. Hiyo ndiyo ya kwanza. Simu ya intaneti yenye namba iwe ya pili. Kama zote zimeshindikana, toka nje, gonga kwa jirani, piga kelele. Familia ya Calgary ilipata msaada kupitia simu ya jirani.

Ikipokelewa, anza na mahali ulipo. Usianze na "haloo, samahani, habari za usiku." Najua sisi tumelelewa kusalimia, na ni jambo zuri, lakini hapa salamu isubiri. Sema mji kwanza, kisha mtaa na namba ya nyumba, kisha kilichotokea. Simu ikikatika baada ya sekunde kumi, angalau wanajua pa kuja.

Usikate simu mpaka uambiwe. Mpokea simu anaweza kukuelekeza namna ya kumsaidia mgonjwa wakati gari likiwa njiani.

MASWALI MLIYONIULIZA

"Kama sina salio?"
Namba za dharura hazilipiwi. Piga hivyo hivyo. Ila kama simu haina laini kabisa, nchi nyingine zinaruhusu kupiga na nyingine haziruhusu. Uingereza, kwa mfano, hairuhusu. Usitegemee bahati.

"Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nitasemaje?"
Taja mji, mtaa na namba. Kisha sema neno moja: ambulensi, moto au polisi. Halafu taja kwamba unasema Kiswahili. Vituo vingi vya Marekani, Kanada na Uingereza vinaweza kumuita mkalimani kwenye simu.

"Naogopa kupiga halafu iwe si jambo kubwa. Si nitawaletea wenyeji matatizo?"
Woga huu ninauelewa, hasa ukiwa mgeni na hutaki kuonekana msumbufu. Lakini mtu asiyepumua vizuri, anayetoka damu nyingi au aliyezimia ni jambo kubwa. Piga. Kuna vijana waliochelewa kwa sababu ya aibu, na aibu haimtibu mtu. Kama umebonyeza kwa bahati mbaya, usikate kwa hofu. Baki kwenye simu, useme kwamba umekosea na kwamba uko salama.

"Dada, je kama mimi niko hapa nyumbani, na kaka yangu aliyeko Kanada akazidiwa tukiwa tunaongea WhatsApp?"
Swali hili liliulizwa na binti mmoja wa kidato cha pili, na mpaka leo nalifikiria. Ukipiga 911 kutoka hapa, haitafika Kanada. Namba fupi za dharura zinafanya kazi katika nchi uliyopo tu. Unachoweza kufanya ni kumpigia mtu aliye karibu naye, au kupiga namba ndefu ya polisi wa mji anaokaa, ukianza na namba ya nchi. Namba hiyo huwezi kuanza kuitafuta huku unatetemeka. Kwa hiyo jioni ya leo mwombe kaka yako akutumie vitu vitatu: anwani yake kamili, namba ya jirani au rafiki anayekaa karibu, na namba ndefu ya polisi wa mji wake. Viandike kwenye daftari la nyumbani.

HATA KAMA HUSAFIRI

Labda unajisemea, "Mimi sina hata pasi ya kusafiria, haya yananihusu nini?" Yanakuhusu sana, rafiki.

Hapa Tanzania polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114, na huduma kwa mtoto ni 116. Kwa mama mjamzito au aliyejifungua, na mtoto mchanga, aliyepata dharura, kuna 115 ya m-mama, mpango uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Ukipiga, kituo kinatafuta ambulensi, na kama haipo kinamtafuta dereva wa gari la kawaida aliyeandikishwa. Dereva huyo naye ataulizia jambo lile lile: mgonjwa yuko wapi?

Sasa jiulize, ungemwelekeza vipi mgeni afike kwenu usiku bila kukosea? "Nyuma ya mashine ya kusaga" haitoshi kama mashine ziko tatu. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa mingi ina majina. Yako unaijua? Kama huijui, leo ukitoka shule itazame. Kisha chagua alama moja kubwa ambayo kila mtu anaijua, kama shule, msikiti, kanisa au zahanati, na ujifunze kueleza njia kutoka hapo kwa sentensi mbili.

Niliporudi kwenye ile klabu baada ya wiki mbili, nilimuuliza tena yule kijana wa WhatsApp: "Uko London, mwenzako kazimia. Unafanya nini?"

Akasimama. "Napiga 999 kwa simu ya kawaida. Nasema niko wapi kwanza."

"Na mama?"

"Mama nitampigia nikiwa hospitali, Dada. Kwa WhatsApp."

Darasa likacheka tena, na safari hii alicheka na yeye.